Santuri Isiyo na Jina

Mume wangu Lesiba ni mtu mwema, ila kwenye santuri za jazi ni mchoyo wa kutupwa. Anazo mia sita na ushee, zimejaza chumba ambamo watoto wangu walipaswa kulala, na kila moja ameifunika lebo kwa karatasi nyeusi na gundi. Wala si yeye peke yake. Hapa Mamelodi wanaume wa jazi wote ndivyo walivyo. Jumapili mchana chama kinakutana uani kwa mmoja wao, watu wamevaa viatu vya rangi mbili na kofia za kuinamisha, kila mtu na santuri zake kwapani. Mmoja akiweka yake, wengine wanabahatisha ni nani anayepiga. Wakikosa, ufalme ni wa mwenye santuri.

Lesiba amekuwa mfalme miaka thelathini na tisa kwa santuri moja. Tarumbeta inaanza polepole, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni, mpaka piano inapomfungulia mlango. Mwanachama mmoja mpya alileta simu inayotambua nyimbo. Simu ikasikiliza weee, ikasema haijui. Siku hiyo mume wangu alipiga mluzi mpaka nikamfukuza jikoni.

Aliyeumizwa zaidi na santuri hiyo ni Bra Fini Masombuka, Bra yaani kaka kwa lugha ya mtaani, rafiki yake tangu walipokuwa mafundi wa mabasi. Ameshataja majina yasiyopungua hamsini, yote akakosa. Mwezi uliopita alikuja kwetu akichechemea, akatuambia binti yake anamhamishia Mbombela, mji wa mbali, akaishi naye.

"Zawadi sitaki," alimwambia Lesiba. "Jumapili mtakayoniaga, nitajie jina tu. Nisiondoke mjinga."

"Nitakutajia," alisema Lesiba, kisha akaacha matumbo kwenye sahani, yeye ambaye haachi hata mchuzi.

Mgeni alipotoka nikamuuliza kulikoni.

"Mama Khutso, silijui."

"Hulijui nini?"

"Jina. Niliinunua Marabastad kwa mjane mmoja, haina jalada, na marehemu mumewe alishaifunika lebo mwenyewe. Siku ya kwanza kuiweka, wazee walivua kofia. Ningewaambia sijui? Baadaye nikaogopa kuifungua. Je, nikikuta ni mtu tu asiye na lolote?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Kwake chama ndiyo heshima yote aliyo nayo, kwa kuwa kule gereji hakuna aliyewahi kumvulia kofia.

Tukachemsha birika, tukaiweka lebo kwenye mvuke. Loo, marehemu hakuwa na mzaha na gundi yake. Karatasi ilipobanduka, lebo ilitoka nayo, vipande vipande, yakabaki maneno matatu: upande wa pili. Lebo ya upande wa kwanza nayo ilitoka vivyo hivyo, bila kubakiza hata herufi. Lesiba akaketi sakafuni. Nimemsema sana kwa ajili ya hizo santuri, lakini pale nilimhurumia kwelikweli, mpaka mimi, mama wa kanisa, nikamshauri uongo.

"Mtajie jina lolote. Nani atajua?"

"Fini atajua," alisema. "Ataisikiliza kichwani mwake siku tatu, ya nne atajua nimemdanganya. Na atakuwa Mbombela, hata kuja kunitukana hawezi."

Jumapili ya kumuaga ilikuwa zamu ya ua wetu. Mwishoni Lesiba aliiweka ile santuri. Watu walicheza, kila mtu peke yake kama kawaida yao, huyu anapapasa piano hewani, yule amekumbatia besi isiyokuwapo. Bra Fini alicheza kwenye kiti, vidole vikibonyeza tarumbeta yake ya hewa, macho amefumba. Ilipokwisha, kila mtu akamgeukia mfalme.

"Fini," Lesiba alisema, "silijui. Sijawahi kulijua. Nilitaka kuangalia juzi, nikaiharibu."

Nilitamani ardhi impasukie, maskini. Bra Fini aliinama mbele kwenye kiti chake.

"Kwa hiyo miaka yote hii hukunishinda."

"Sikukushinda."

"Tulikuwa sare."

"Sare, bwana."

"Na ulikuwa unaringa vile."

"Nilikuwa naringa sana," Lesiba alisema, na Bra Fini akaanza kucheka, kifua kikimtikisika, mpaka ua mzima ukamfuata.

Kisha mume wangu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliitoa santuri kwenye mashine, akaipangusa kwa kiwiko cha koti lake zuri, akamwekea Bra Fini mapajani. "Nenda nayo," alisema. Ndugu yake wa damu aliwahi kuiomba kwa siku moja tu, akanyimwa. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Bra Fini aliigeuza, akapitisha kidole pale katikati palipochunika, akafikiri.

"Shemeji," akaniita, "mna gundi humu ndani?"

"Ya nini?"

"Lete na karatasi nyeusi. Mbombela nako wana chama. Nikitokea nayo uchi hivi, watajua na mimi silijui."