Mshiriki Namba Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na moja Albina Mushi alifanya biashara Guangzhou, China, na katika miaka hiyo yote hakuna Mtanzania mwenzake aliyejua anakotoa jinzi zake. Zilikuwa jinzi za wanawake wenye nyonga, zenye mpira uliofichwa ndani ya kiuno, na kule Moshi zilikuwa zikigombewa kabla robota halijafunguliwa vizuri. Wenzake wa Sanyuanli, mtaa aliokuwa akiishi, walimuuliza kwa utani, wakamuuliza kwa kubembeleza, na siku moja wakamfuata hadi kituo cha metro. Albina alipanda treni isiyo yake, akashuka mbele, akageuza, ndipo akaenda Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, kwenye karakana ya laoban, yaani mwenye mali, Bwana Chen.

Kisha akaja Theophil, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Bukoba, kijana mpole aliyeamkia hata watu wa rika lake. Alikuwa anachunguza jinsi wafanyabiashara wanavyojenga uaminifu na wenye karakana.

"Jina langu lisionekane," Albina alimwambia.

"Halitaonekana, Mama Agape. Tunafuata maadili."

Akampa fomu ya kurasa nne za Kiingereza. Albina aliuliza inasema nini. Theophil akajibu kwamba inasema jina halitaonekana. Albina akatia sahihi, halafu akazungumza saa tatu bila kunywa hata maji. Mtu aliyeficha jambo miaka kumi na moja huwa na mengi ya kusimulia.

Mwaka mmoja baadaye alifika kwa Bwana Chen akamkuta Kissa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Sanyuanli, mama wa Mbeya muuza viatu, ameketi kwenye kiti chake yeye Albina, anakunywa chai.

"Umefikaje hapa?"

"Kwa ramani," Kissa alijibu. "Iko mtandaoni. Ya chuo kikuu."

Albina akafungua simu. Kweli, jina lake halikuwepo. Kulikuwa na Mshiriki Namba 14: mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Moshi, muuza jinzi, mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya Jumapili, mama wa binti mmoja anayesomea udaktari Dodoma. Kilichokosekana ni picha tu. Chini yake palikuwa na ramani, na kwenye ramani kitone chekundu juu ya paa la Bwana Chen.

Jumatatu alikuwa ofisini kwa Profesa Liang, msimamizi wa Theophil, mama mchangamfu aliyemkaribisha kwa mikono miwili. Theophil alitafsiri huku jasho likimtoka. Profesa alieleza kwamba hiyo ndiyo sayansi huria: utafiti uliolipiwa na umma uwekwe wazi kwa umma, kila mtu aukague, na mtafiti mwingine aweze kuurudia aone kama atapata matokeo yaleyale.

"Data yenu imefunguliwa mara mia mbili na sita," alisema kwa furaha. "Idara yetu haijawahi kusomwa hivyo!"

"Waliosoma ni watu wa Sanyuanli," Albina alisema.

"Vizuri zaidi! Kwa kawaida jamii yenyewe haisomi."

"Na mmoja ameurudia utafiti."

"Kweli? Akapata nini?"

"Matokeo yamelingana. Amepata jinzi zilezile."

Theophil alisita, kisha akatafsiri. Profesa akavua miwani. "Kosa ni letu," alisema. "Tutaifunga. Atakayetaka kuisoma ataomba na kueleza sababu. Kamati inakutana Ijumaa."

Ndani ya treni ya kurudi, hasira za Albina zilikutana na hesabu nyingine. Washiriki walikuwa ishirini na wawili, na Ijumaa ilikuwa bado siku nne. Akafungua data kwenye simu, akamtafuta muuza viatu wa Mbeya. Alikuwa Namba 9. Kitone chake kilikuwepo, na Albina akaendelea kusoma akitafuta namba ya simu ya mwenye kiwanda cha viatu.

Badala yake akakuta haya: "Mwezi wa sita presha ilinipanda nikaanguka bafuni. Nililala sakafuni hadi mchana. Jirani yangu ni Mtanzania, lakini tunaogopana. Ningemwitaje?"

Albina aliukumbuka mwezi wa sita. Alisikia kishindo, akadhani Kissa anafunga mizigo, akaongeza sauti ya redio.

Hakungoja Ijumaa. Kesho yake asubuhi alimpigia Theophil. "Ifungwe leo."

"Mama Agape, kamati..."

"Kamati ije kwangu."

Hadi jioni ilikuwa imefungwa, na tangazo la kuomba radhi likawekwa kwa Kiingereza na Kichina. Albina akadai liwepo na la Kiswahili. Fomu mpya ikaandikwa, ukurasa mmoja, inayosomwa kwa sauti, na kila mshiriki anataja asichotaka kitoke nje. Chuo kilifurahi mno hata kikamwalika azungumze kwenye semina ya kulinda faragha. Ili kumlinda, walimtambulisha kama Mshiriki Namba 14, huku picha yake ikiwa imejaa ukuta mzima nyuma yake.

Ila jioni ileile ya kufunga data, Albina alikuwa amebisha kwa Kissa na sufuria ya mtori wa ndizi na nyama.

"Presha inaendeleaje?"

Kissa alishika mlango. "Nani kakwambia nina presha?"

"Chuo kikuu."

Kissa alimtazama, akacheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akampisha aingie. Walikula bila kutaja jinzi. Wiki iliyofuata walizitaja, kwa kuwa Bwana Chen, alipoona ana wateja wawili, alikuwa amepandisha bei. Wakaenda pamoja kudai ishuke.

"Meiyou," alisema Bwana Chen, akimaanisha hakuna.

Wakainuka pamoja, wakachukua mikoba. Aliwaita walipofika ngazini.