Tangulia Wewe

Mwalimu wa maadili alibandikwa jina la Mama Samahani, na alilipenda. Muhula mzima aliwafundisha watoto wa darasa la pili jambo moja tu: mstaarabu huwapisha wenzake. Ajira yake ilikuwa ya majaribio. Mkaguzi akiridhika, angepata kazi ya kudumu. Asiporidhika, angerudi dukani kwa shemeji yake kupima misumari na kusikiliza maneno ya shombo. Hilo la shemeji ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya ukaguzi kengele ikalia, watoto wakajipanga mlangoni, na hakuna aliyeingia.

"Tangulia wewe," alisema wa kwanza.

"Hapana, wewe kwanza," alijibu wa pili.

Mkaguzi, mzee nadhifu mwenye suti iliyonyooka, alitabasamu hadi magego yakaonekana. Watoto wakamgeukia.

"Mgeni kwanza," wakamwambia kwa pamoja.

"Watoto kwanza," akajibu, maana naye alikuwa na malezi yake.

Mama Samahani, aliyesimama nje pamoja nao, akavimba kichwa.

Mara mvua ikaanza, na si manyunyu, mvua yenyewe. Hapo mtu mwenye akili timamu angedhani adabu itaahirishwa. Thubutu. Watoto waliloa chapachapa huku wakipishana kwa heshima zote, mkaguzi kaushikilia mlango, na darasa kavu liko wazi mbele yao.

Mdogo kuliko wote, binti wa mpishi wa shule, akaanza kutetemeka, meno yakigongana.

"Ta-tangulia, mwalimu," akasema.

Mama Samahani akaiona kazi ya kudumu, akaiona misumari, akaiona na midomo ya yule mtoto ilivyobadilika rangi. Akamkwapua mtoto, akampiga mkaguzi kumbo, akaingia. Mkaguzi akakaa kitako kwenye tope. Watoto wakafuata mbio, kwani mwalimu akishatangulia, kumfuata ni adabu.

"Mwalimu," mtoto alimnong'oneza begani, "hujaomba njia."

Mkaguzi aliingia wa mwisho, suruali ikichuruzika maji.

"Programu yako ya maadili imefaulu," alisema. "Wanafunzi wote wameiva. Ni wewe tu ambaye haijakuingia, mwalimu, na kwa hali hiyo siwezi kukupitisha."

"Sawa, mzee wangu," alijibu Mama Samahani, akimkausha mtoto nywele kwa sweta yake. "Funga mlango basi, watoto wanapigwa na baridi."