Vitana Saba wa Bahari

Shangazi yangu amepiga deki miaka kumi na moja katika nyumba ya kuonyeshea viumbe vya baharini. Mtunza matangi alipostaafu, Shangazi aliiomba ile kazi. Meneja akakuna kidevu, akampa jaribio la siku tatu. Walikuwa wameletwa viumbe wanane wapya. Jumamosi wageni wakiwakuta hai, kazi ni yake. Wasipokuwa hai, arudi kwenye ndoo yake.

Siku ya kwanza alimchota mmoja kwa wavu, kama alivyomwona mtunza akiwachota konyeza, wale miavuli ya maji wanaowasha. Konyeza wetu wana mwili mgumu kidogo, wavu wanauvumilia. Huyu alipita kwenye matundu vipande vipande, kama sabuni iliyolala majini.

"Shangazi, umemsaga," nikasema. Nilikuwa nimemletea chakula.

"Naona, mwanangu. Usinimalize."

Chakula hakukigusa. Alivuta kiti mbele ya tangi akakaa kuwatazama wale saba mpaka jioni. Konyeza huenda kwa kujibana na kujiachia. Hawa hawakujibana hata kidogo. Kila mmoja alikuwa na mistari minane ya vinywele vidogo, vimepangwa kama meno ya kitana, na vinywele hivyo ndivyo vilivyokuwa vikipiga makasia. Taa ilipovigusa, rangi zote zilikimbia mgongoni mwake.

"Kumbe taa si yao," Shangazi akanong'ona. "Wanaiazima yetu."

Akatumbukiza mkono. Mimi nikafumba macho. Hakuwashwa. Hawa hawana sumu ya kuchoma. Wale wenye mikono mirefu kati yao hunasa chakula kwa ulimbo, gundi iliyo kwenye mikono hiyo. Tangu hapo akawaita vitana, na akawa anawahamisha kwa jagi la plastiki: analizamisha polepole, anamngoja mwenyewe aingie, anamtoa pamoja na maji yake.

Jumamosi asubuhi mlinzi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alitangulia kufika. Akaona maji yametulia mno, akafungua pampu mpaka mwisho. Tulipoingia, vitana wote saba walikuwa wanavutwa kwenye bomba.

"Nani kagusa pampu?"

"Nilidhani wamezimia, dada! Nikawapa upepo!"

"Upepo? Hao ni nguo za kuanika?"

Shangazi akazima pampu, lakini ilikuwa imeharibika. Ikaendelea kuvuta kidogo kidogo. Ilibidi wahamie tangi la jirani. Nje watoto wa shule walishaanza kugonga mlango wa kioo. Meneja akaja mbio, akamnyooshea wavu.

"Chota, Mama, chota! Dakika mbili!"

Shangazi aliutazama ule wavu, akamtazama aliyeushika, yule yule mwenye kazi mkononi mwake.

"Hapana, bosi. Kwa huo utapata supu."

"Wageni wananingoja!"

"Wangoje."

Akachukua jagi. Mmoja. Wa pili. Meneja alikuwa anatembea huku na huku kama anayetafuta choo. Redio akawa anatangaza kila anayeingia, kama mpira. Wa sita aligoma kuingia, akageuka mara tatu mdomoni mwa jagi, na Shangazi hakumsukuma. Zikapita dakika ishirini na tano.

Wa saba alipotua, milango ikafunguliwa. Mtoto mmoja akabandika pua kwenye kioo: "Huyu konyeza mbona ana mistari?"

Meneja akamwelekeza kwa Shangazi. Na Shangazi akaeleza makasia na taa ya kuazima na ule ulimbo, mpaka mwalimu akaanza kuandika.

Walipoondoka, Meneja akahesabu kwa kidole. Saba.

"Saba wanatosha. Jumatatu pita ofisini, usaini mkataba."

"Kwa nini Jumatatu, bosi? Kalamu hiyo hapo mfukoni mwako."

Mkataba ukaletwa. Aliusaini akiwa ameuegemeza ukutani, na mikono yake ilivyokuwa imelowa, jina lote likachuruzika. Ikabidi wachapishe mwingine.