Spesimeni ya Adhiambo

Mwanangu, kuna asubuhi moja inayonirudia kila nikifungua gunia la omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Nilikuwa msichana wa umri wako. Baba na mama tulikuwa tumeshawazika kijijini kwetu Asembo, na mimi, kifungua mimba, niliacha shule darasa la saba ili wadogo zangu wapate kula. Tulipanga chumba mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu. Nilikuwa nachukua omena Usenge, ufuoni mwa ziwa, na kuiuza Kisumu kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na maisha yakaenda hivyo mpaka Adhiambo, mdogo wangu anayenifuata, alipoanza kukohoa.

Mama yetu alikohoa hivyohivyo. Alikohoa mpaka mwisho, na hakuna aliyewahi kutuambia alikuwa anaumwa nini. Kwa hiyo kila Adhiambo alipoinama na kushika kifua, mimi nilimsikia mama. Nguo za mdogo wangu zilikuwa zinamlegea wiki baada ya wiki. Nikampeleka hospitali.

Daktari kijana alimsikiliza kifua, akanipa kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

"Kesho akiamka, kabla ya chai, akohoe humu ndani," alisema. "Halafu ulete spesimeni maabara."

Hilo neno la Kiingereza sikulijua. Ningeweza kuuliza, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na sisi tulioacha shule mapema huwa wepesi kuitikia kwa kichwa. Nikaitikia.

Kesho yake Adhiambo akakohoa ndani ya kikopo. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha manjano, na katikati kilikuwa na uzi mwembamba wa damu. Nilikitazama, nikaona aibu. Nitapelekaje kitu kama hicho kwa watu waliovaa makoti meupe? Nikakimwaga chooni, nikakiosha kikopo vizuri, nikamwambia asukutue mdomo, kisha ateme tena. Akatema mate safi, meupe. Nikafunga kifuniko na kuondoka nikiwa nimeridhika kabisa.

Maabara kulikuwa na mtu mzima aliyeitwa Mzee Okelo. Alikiinua kikopo changu kwenye mwanga wa dirisha, akakiinamisha huku na huku.

"Nani ametoa hii?"

"Mdogo wangu, Mzee."

"Hii ni mate. Mate hata mimi niko nayo." Watu wa foleni wakacheka. "Makohozi iko wapi?"

"Nilimwaga. Ilikuwa mbaya, Mzee. Ilikuwa na damu."

Hapo hakucheka. Alinitazama, akavuta pumzi puani.

"Wewe unauza omena."

"Ndiyo. Omena ya Usenge."

"Mnunuzi akikuja, anaweka mkono wapi?"

"Ndani ya gunia. Mpaka chini."

"Na kwa nini asichukue ile ya juu?"

Mama mmoja nyuma yangu, mteja wa sokoni aliyejua kwetu, akasema kwa sauti, "Sema tu, nyar Asembo, binti wa Asembo! Juu mnaweka ile inang'aa, na chini ile ilinyeshewa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi pia nikacheka kidogo, kwa sababu alisema kweli. Wauzaji wote tulifanya hivyo, na wanunuzi wote walijua.

"Basi mimi ni mnunuzi," Mzee Okelo akasema taratibu. "Na leo umeniletea ile ya juu. Sikiliza, mama. Spesimeni ni kitu kidogo ambacho kinasimama mahali pa kitu kizima. Siwezi kufungua kifua cha mdogo wako nichungulie. Hiyo kidogo inatoka ndani, ndiyo itaniambia. Kama ningepima hii mate, ningeandika hakuna ugonjwa. Angerudi nyumbani na dawa ya kikohozi tu. Unaelewa sasa?"

Nilielewa. Nilikuwa nimekaribia kumzika mdogo wangu kwa usafi.

Alinipa kikopo kingine. Asubuhi iliyofuata tulikaa mlangoni, palipo na hewa. Mzee alikuwa amenieleza Adhiambo avute pumzi ndefu, aishike, kisha akohoe kutoka chini kabisa. Akajaribu. Hakuna kitu. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

"Dada, haitoki. Nimechoka."

"Mimi nimekushika mgongo. Jaribu tu."

Kikatoka. Kizito, kibaya, na damu yake. Safari hii sikugusa kitu. Nilifunga kifuniko na kukibeba kwa mikono miwili mpaka hospitali, na nadhani sijawahi kubeba kitu kwa heshima namna ile.

Nilipofuata majibu, Mzee Okelo alinifungulia mlango wa maabara. "Kuja uone," akasema, akanionyesha pa kuweka jicho kwenye hadubini.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Niliona uwanja wa buluu, kama ziwa likiwa limetulia mchana. Na juu ya ile buluu kulikuwa na vijiti vyekundu, vyembamba kuliko mfupa wa omena, kimoja hapa, viwili pale, vimelala kimya. Kitu kilichokuwa kinammaliza mdogo wangu, ambacho huenda ndicho kilichommaliza mama, kumbe kilikuwa na umbo na rangi. Mtu angeweza kukitazama. Na tone lile nililoliona uchafu, nililomwaga chooni, lilikuwa limebeba habari ya mwili mzima wa Adhiambo.

"Ndiyo hii?" nikauliza kwa kunong'ona, kana kwamba vijiti vingenisikia.

"Ndiyo hii. Ni TB. Tumeijua, na dawa iko."

Adhiambo alimeza dawa miezi mingi bila kuruka siku, mimi nikimsimamia na kikombe cha maji. Akapona. Leo ni mama wa watoto, mnene kuliko mimi, na akinisikia nasimulia habari hii hupiga kelele kutoka jikoni, "Dada, bado unatangazia watu makohozi yangu?"

Nimelikuta neno lile mara nyingi tangu wakati huo. Sokoni tunasema sampuli, hospitalini husema spesimeni, iwe ni damu au mkojo, na wanaochunguza mimea huliita hivyo jani moja wanalolikausha. Kila nikilisikia, naiona ile buluu.

Basi nikuambie ninachotaka ukae nacho. Ukienda kwa mtu anayeweza kukusaidia, awe daktari, mwalimu au mzazi, usimpelekee ya juu. Mpe inayotoka ndani, hata kama inanuka, hata kama ina damu, maana hawezi kutibu asichoonyeshwa. Neno usilolijua, liulize palepale, foleni isubiri. Na mtu akikuletea ya kwake ya ndani, usizibe pua.

Mungu akupe kifua chepesi na siku nyingi. Na ikifika zamu yako ya kushika kikopo, akuweke karibu na mtu wa kukushika mgongo mpaka kile cha ndani kitoke.