Kidole Gumba Changu na Betri Iliyoshiba

Betri iliyouchoma mkono wangu wa kulia haikuwa kwenye chaja ilipowaka. Nilikuwa nimekwisha kuichomoa. Ilikuwa na uvuguvugu kama yai lililotagwa sasa hivi, na kaka yangu alikuwa ameigusa kwa mgongo wa mkono wake na kusema imeshiba.

Naandika haya kwa simu, nikitumia kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo sentensi zangu ni fupi. Muuguzi aliyenihudumia katika hospitali ya Homa Bay ndiye aliyeniomba. Alisema kuna watu wataletwa wodini na mikono kama wangu, na watataka kusikia kutoka kwa mtu aliyelala pale, si kutoka kwake. Naitwa Atieno. Nitaeleza kwa mpangilio, na sitaficha yale yanayochukiza.

Kabla ya hayo nilikuwa fundi wa simu mjini Migori. Nilibadilisha vioo, nikalehemu sehemu za kuchajia zilizolegea, nikafungua skrubu ndogo ambazo ukizipumulia zinapotea. Mkono wa kulia ulishika kibano, na kidole gumba kiliniambia mambo ambayo macho hayaoni: skrubu hii inataka kukatika, waya huu haujakaa sawa. Mume wangu Chacha, Mkuria anayelima mahindi na kufuga karibu na mpaka, alizoea kunitania kwamba kidole hicho kina akili kuliko wakwe zake wote. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kidholuo chake ni cha sokoni na Kikuria changu ni cha salamu.

Starehe yangu ilikuwa kwetu kisiwani Rusinga. Kaka yangu mkubwa, Okoth, huchonga mashua ndogo zenye urefu wa mkono, kwa umbo la mashua za wavuvi wetu, na kuzipaka rangi zinazoonekana kutoka mbali. Mimi nilizitia mota, usukani na kipokezi cha redio. Jumapili alasiri, watu wakitoka kanisani, tulizishindanisha kwa rimoti mbele ya ufuo. Wazee waliokuwa wamenyamaza ibada nzima walipiga kelele hapo mpaka sauti zikakauka. Mashua yangu iliitwa Nyar Chula, binti wa kisiwa.

Mashua hizi hutumia betri laini ya lithiamu. Ukiiona utadhani ni kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi ya fedha. Yangu ilikuwa na seli tatu ndani. Ilikuwa na waya mbili nene za kutoa nguvu, na pembeni soketi ndogo nyeupe yenye waya nyembamba. Hiyo nyeupe ndiyo jicho. Kupitia hiyo, chaja yake maalum hupima kila seli peke yake, huizuia ile inayotangulia na kuingoja ile inayochelewa, mpaka zote zijae pamoja. Bila soketi hiyo chaja huona jumla tu. Seli moja inaweza kufurika huku mwenzake bado ana njaa.

Jumapili ile chaja yangu ilibaki Migori, mezani.

Okoth ana banda la sola ufuoni. Anachaji betri za taa za wavuvi wa omena, zile taa zinazoelea majini kuvutia samaki. Betri hizo ni za asidi, nzito, na zinavumilia mengi. Kule kwetu hakuna anayezipima kwa mashine. Mtu anagusa kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa. Ikiwa baridi, bado ina njaa. Ikishika joto, imeshiba. Nimelelewa katika mguso huo.

“Okoth, nimesahau chaja,” nikamwambia. “Leo Nyar Chula haingii majini.”

“Wee! Banda hili linalisha taa mpaka za kisiwa cha Remba, hako kasabuni kako ndiko katanishinda?”

“Hii si kama ya taa.”

“Stima ni stima, nyaminwa, dada yangu.”

Walionizunguka wakaanza kelele. “Dada wa Migori anatafuta kisingizio!” “Aliogopa toka wiki jana!” Nikacheka. Nikampa betri.

Okoth akabana vibanio viwili kwenye waya nene. Soketi nyeupe ikabaki ikining'inia bila kazi. Chaja ya taa hulenga volti kumi na nne na zaidi. Betri yangu inajaa kwenye kumi na mbili na nusu hivi. Tulisimama karibu nayo, tukapiga soga. Baadaye Okoth akaigusa.

“Imeshiba. Itoe.”

Niliichomoa. Ilikuwa imevimba kidogo katikati. Okoth alikuwa amechonga mlango wa tumbo la mashua uwe mwembamba, ili maji yasiingie, na sasa betri haikupita kirahisi. Nikaisukuma kwa kidole gumba. Mkono ukaingia mpaka kifundo.

Nina uhakika wa mfuatano wake. Kwanza sauti, kama sufuria inayotoa mvuke. Kisha harufu tamu, kama rangi ya kucha. Kisha moto.

Moto haukupanda kama wa kuni. Ulifyatuka kwa nguvu, kama maji kwenye bomba lililopasuka, na haukuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye mkono wangu. Nikavuta mkono, haukutoka. Mashua nzima ikaja nao, ikiwaka, ikiniganda kama glavu ya mbao. Moshi ulikuwa mweupe na mzito. Nilisikia mwanamke akipiga nduru, na baada ya muda nikatambua kwamba ni mimi.

Okoth alinikumbatia kiunoni, akanibeba mpaka ziwani, akauzamisha mkono pamoja na mashua. Maji yakachemka kutuzunguka. Chini ya maji betri iliendelea kutoa mapovu na mwanga. Akaupiga ubao kwa jiwe mpaka ukapasuka.

Mkono ulipotoka, ngozi ya mgongo wake ilikuwa imejikunja kuelekea vidoleni kama soksi. Vidole viwili vilikuwa vyekundu na vinavuja, na maumivu yake sitayaeleza kwa sababu sina maneno. Kidole gumba kilikuwa cheupe, kikavu, kama nta. Hicho hakikuuma hata kidogo. Nikamwonyesha Okoth, nikasema, “Afadhali hiki kimepona.” Sikujua kwamba kutouma ndiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote.

Mama alikuja akikimbia na chupa ya mafuta ya mbuta. “Wuololo, nyathina! Mwanangu!” Kabla mtu hajasema neno, alikuwa amemimina nusu ya chupa. Nikafungwa leso, nikapakiwa kwenye boda boda katikati ya dereva na Okoth, tukavuka daraja kwenda Mbita, Mama akifuata kwa boda boda nyingine, na kutoka hapo tukapata gari la Homa Bay. Njia nzima nilinuka samaki wa kukaanga. Hilo si utani. Sijala mbuta tangu siku hiyo.

Daktari alifungua leso, akatutazama mmoja mmoja.

“Nani amepaka mafuta?”

“Mimi,” akasema Mama.

“Na huu mchanga na majani?”

“Ni ya ziwa. Nilimtia majini,” akasema Okoth.

“Na betri ilisukumwa na nani?”

“Mimi,” nikasema.

“Basi nyote mmefanya kazi. Sasa mniache nifanye yangu.”

Baadaye alimwambia Okoth kwamba kunitoa kwenye moto ule kulikuwa sawa. Tatizo ni kwamba pale ufuoni ndipo ng'ombe wanakunywa na samaki wanaparuliwa, na baada ya hapo hakuna aliyeniosha kwa maji safi. Okoth alisikia nusu ya pili tu. Alitoka nje akasimama kando ya ukuta.

Hali iliharibika nikiwa tayari wodini, wakati nilidhani nimefika salama. Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia. Kila bendeji ilipofunguliwa, harufu ilitangulia. Usaha ulikuwa wa kijani. Walikata nyama iliyokufa, na mimi niliangalia, kwa sababu kutoangalia kulinitia hofu zaidi. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyeungua kwa uji, alikuwa akiniuliza, “Leo wamekuta nini?” nami nilimweleza kama mtu anayesoma taarifa. Alisema inamsaidia.

Chacha alikuja kutoka Migori na nguo zangu kwenye gunia la mahindi. Daktari alimwita, akazungumza mbele yangu.

“Kidole gumba sikiahidi. Uchafu ukipanda, tutakitoa ili mkono ubaki.”

“Daktari, huo ndio mkono wake wa kazi.”

“Najua. Ndiyo maana naongea, sijakata.”

Chacha akanigeukia. “Wewe unasemaje, mama?”

Nikasema nipewe mpaka bendeji ijayo. Daktari akakubali, lakini hakutabasamu.

Chacha alikaa kando yangu akinilisha ugali kwa mkono wake. Alikuwa akitengeneza matonge makubwa, ya mtu wa shamba, na nikimlalamikia anasema, “Mdomo wako haujaungua, fungua.” Hatukuzungumza habari za kidole. Niliomba Mungu, lakini maombi yangu yalikuwa mafupi na yenye masharti, kama mteja anayeacha simu kwa fundi asiyemwamini.

Bendeji ilipofunguliwa tena, daktari alikwangua shina la kidole kwa kisu chembamba. Hakuna kitu. Akakwangua tena chini zaidi. Tone la damu likatoka, jekundu, likateremka polepole kwenye kiganja. “Haya,” akasema. “Chini kuna uhai.” Sijawahi kufurahia damu yangu namna ile. Mama alipiga magoti hapo hapo sakafuni, akaambiwa ainuke kwa sababu anaziba njia ya kitoroli.

Walichukua ngozi pajani wakaipandikiza mkononi. Paja liliuma kuliko mkono. Wengi hawaambiwi hilo, kwa hiyo nawaambia. Ngozi ilishika karibu yote. Ina rangi tofauti, na ukiiangalia kwa karibu ina vitundu kama vya wavu. Baada ya hapo yakaja mazoezi ya kukunja vidole, na hayo niliyalilia kuliko moto wenyewe.

Kanisani kwetu walingoja ushuhuda wangu. Niliposimama, mchungaji akasema kwa furaha, “Inua mkono, wote waone alilotenda Bwana!” Niliinua wa kushoto. Watu wakashangilia. Ni Mama peke yake aliyeinamisha kichwa. Sikuwa nimekusudia kudanganya mtu. Wa kulia ulikuwa umekakamaa kwa kufungwa shingoni muda mrefu, bado unakataa kupanda juu ya bega, na nilikuwa nimechoka kutazamwa.

Kwa hiyo hapa ndipo ninapotoa ushuhuda wenyewe. Niko hai. Nina vidole vyote vitano. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari ambaye hakukata, muuguzi aliyenipangusa bila kuziba pua, na mume aliyenisuka nywele vibaya sana bila kuombwa. Namshukuru Okoth. Bado anachaji taa, lakini hagusi tena betri yoyote kwa mgongo wa mkono. Ana kipimo, na wavuvi wanamcheka. Amechonga mashua mpya. Mlango wa tumbo lake ni mpana, ngumi inaingia na kutoka. Haijapakwa rangi. Iko bandani, bila mota, na hajaniambia inamngoja nani.

Ukiwa na betri za aina hii, za mashua au za ndege ndogo, chomeka soketi nyeupe kila mara, uiambie chaja idadi kamili ya seli, na ukae hapo hapo. Chajia juu ya jiwe au mchanga, mbali na godoro na pazia. Kama chaja yake haipo, mashindano yangoje. Ikivimba usiibane, usiisukume mahali, usiseme imeshiba. Iweke nje, mbali na watu. Na mtu akiungua, maji safi yanayotiririka, kitambaa safi, hospitali. Mafuta yabaki jikoni. Wewe uliyelala kitandani sasa, sehemu isiyouma mwonyeshe daktari kwanza. Usiionee fahari kama mimi.

Kibanda changu Migori kiko wazi. Kuna kijana wa mtaani kwetu anayefungua simu huku mimi nikimwelekeza kwa maneno. Kibano changu kiko kwenye droo. Kidole gumba kinakunjika sasa, karibu kifike kwenye kile kidogo. Lakini hakiniambii chochote. Nikikishikisha skrubu, lazima niangalie kama ipo.

Juzi nilirudi kliniki. Mwanamke anayesimamia mazoezi alichukua sindano butu.

“Fumba macho. Nikikugusa, sema ndiyo.”

Nikafumba. Nikangoja.

“Ndiyo,” nikasema.

“Sijakugusa bado.”

Nje mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Nikangoja tena.

“Ndiyo?”

“Hapo nimekugusa.”

Aliendelea. Nyingine nilipata, nyingine nilikosa, na alipozijumlisha alisema mtu anayebahatisha angepata karibu hivyo hivyo. Nikafumbua macho. Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na kishimo kidogo cha sindano. Nilikitazama sana. Ile mara moja nilihisi kitu, hafifu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani. Au nilikumbuka tu jinsi kuguswa kulivyokuwa. Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema kwamba hajui, nirudi mwezi ujao.