Siku Nilipovaa Kadi Shingoni Kakuma

Aibu niliipata, sikatai, na nusu ya Kakuma iliiona, lakini kama mnangoja niseme Profesa alikuwa sahihi, mtangoja sana.

Ilikuwa 2012, mimi mwanasheria katika ofisi moja ya serikali Lodwar, na jioni nahangaika na tasnifu ya uzamivu kuhusu sheria ya kimataifa ya wakimbizi (masomo na umri huu, wacha tu). Msimamizi wangu, Profesa wa Nairobi, alishikilia kwamba tasnifu ya sheria huandikwa maktabani: unasoma mikataba, unasoma hukumu, basi. Nikamwambia siwezi kuandika juu ya haki ya mkimbizi kutorudishwa kwao wakati wakimbizi wenyewe wako hapo Kakuma na sijawauliza kitu. Tukabishana mpaka akasema, "Haya, nitakuja nione hayo mahojiano yako. Nisipoona maana, unayatoa yote."

Siku yenyewe nikawahi kambini, kwenye kanisa la Wakongomani, ambako Mama Solange, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameniitia watu wachache. Na hapo ndipo nilipojiponza. Ili nionekane mtu wa maana mbele ya Profesa, nikatoa kadi yangu ya chuo, nikaining'iniza shingoni kwa kamba ya bluu, nikakaa nyuma ya meza na mafaili yangu, nikamwambia Mama Solange awaite familia moja moja.

Wewe uliyewahi kuishi Kakuma najua ushaanza kucheka. Pale mtu mwenye kadi shingoni na faili mezani, anayeita watu kifamilia, ana kazi moja tu: anachagua wa kupelekwa Amerika. Wueh! Kabla sijamaliza swali la kwanza uwanja umejaa, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, wazee wamevaa suti katika joto lile, na Baba Furaha, ambaye hata sikumwita, amefika na mke na sanduku, anatangaza kwamba godoro amekwisha kumgawia jirani.

Profesa naye ndio anashuka garini, mvi, tai na kitambi. Wakaamua huyo ndiye mkubwa wangu. Kwaya ikaanza kuimba, bibi mmoja akambebesha mjukuu wake mchanga, na mtoto akamkojolea.

"Umewaahidi nini hawa?" akanifokea.

Nikapanda juu ya kiti cha plastiki nitangaze ukweli. "Jamani, mimi ni mwanafunzi tu!" Kiti kikavunjika, nikaanguka chali, kiatu huku, mafaili kule.

Baba Furaha akanitazama pale chini. "Mwanafunzi? Na uzee yote hii?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha kicheko kikaisha. Akina mama wakaanza kuwavua watoto viatu vya Jumapili, na hilo liliniuma kuliko mgongo.

"Umeona?" Profesa akasema. "Rudi maktabani."

"Sirudi ng'o!" nikamjibu, mchanga bado kichwani. Akapanda gari akaenda zake.

Kesho yake nikaenda kwa Baba Furaha bila kadi, kumwomba radhi. Aliniacha nimesimama juani weee, halafu akasema, "Unataka nikuambie yangu? Andika kwanza yako. Andika vile ulikuya na kamba ku shingo, sisi tukabeba masanduku." Nikaandika mbele yake, kila kitu. Ndipo akanisogezea kigoda, akaanza kusimulia tangu siku waliyokimbia kwao Uvira, kule Kongo.

Basi siku ile yote, pamoja na kuanguka kwangu, niliiweka kwenye sura ya mbinu za utafiti. Profesa akaifuta. Nikairudisha. Akaifuta tena, akaandika pembeni kwamba ni aibu kwa chuo. Aibu ya chuo kwani ni chuo kilichoanguka? Nikairudisha. Kuvaa kadi shingoni mbele ya mkimbizi, mimi tena, hapana, hata kwa dawa. Lakini Baba Furaha alinipa maneno yake kwa sharti kwamba yangu yaandikwe kwanza, na sharti nimelitimiza, na asiyetaka kuyasoma asinipe huo udaktari.