Mrushaji wa Akiba

Juzi, nyumbani kwa mama, mtaa wa Hagsätra, tulimwona kaka yangu Amani kwenye televisheni. Siku hizi anacheza besiboli ya kulipwa Marekani. Ni mrushaji wa akiba, yule anayeitwa wenzake wakiharibu. Waliharibu, akaitwa, mpira wake wa kwanza ukapigwa mbali, na uwanja mzima ukamzomea yeye peke yake.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wetu hapa Stockholm, harufu ya nyasi zilizokatwa na ya samaki wa kukaanga kwenye koti la mama. Wavulana wengine walicheza. Amani alikalishwa mbali, kando ya uzio, nami nikaamini ameadhibiwa. Sikujua kwamba mrushaji wa akiba hungojea pale.

Mama naye hakujua. Alikatiza uwanjani mchezo ukiendelea, akamshika Amani mkono. "Mutoto wangu hawezi kuwekwa pembeni kama mbwa," alimwambia kocha kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Kocha akafoka kwa Kiswidi. Wazazi wakacheka. Amani alilia kwa hasira hadi nyumbani, na kwa miaka mingi nilimwonea mama aibu.

Juzi, zomeazomea ilipozidi, mama alizima televisheni.

"Mimi nilimutoaka pale," alisema. "Nani alimurudisha?"